Mkono wa Jirani, Mkono wa Mgeni: Historia ya Kujitolea Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwaka 1905 ulizaa mambo mawili yasiyojuana. Tarehe 23 Februari, mjini Chicago, wakili Paul Harris alikutana na wenzake watatu, wakaanzisha klabu ya wafanyabiashara na wanataaluma ambayo dunia ingekuja kuijua kwa jina la Rotary. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo, katika vilima vya Umatumbi, wakulima waling'oa pamba ya Wajerumani, na kufikia Septemba moto wa Majimaji ulikuwa umeshawaka Ungoni. Historia hizi mbili zilichukua zaidi ya karne kukutana kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na zilipokutana hazikukuta uwanja mtupu. Watu wa milima ya Mbinga na wa vijiji vya ziwani, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na kuendelea kusini, walikwisha kujitolea kwa jirani, kwa misheni, kwa ushirika, kwa chama, kwa serikali, hata kwa mkimbizi aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni. Anayeianza historia ya huduma ya hiari siku klabu ya kwanza ilipoandikishwa Dar es Salaam atakuwa amefungua kitabu katikati. Katika kila zama, la kutazamwa kwanza ni nani aliyekaa kwenye baraza lililoamua kitolewe nini na apewe nani. Wingi wa kilichotolewa ni swali la pili.

Zama za kwanza tunazoweza kuzieleza kwa uhakika ni za katikati ya karne ya 19, na zilianza kwa hofu. Wangoni waliotoka kusini walifika nchi hii baada ya mwaka 1840, wakajenga dola zao kwenye nyanda za Songea. Wamatengo walipanda juu, kwenye miteremko mikali ambako jeshi halikuweza kutembea kwa safu. Watu wengi wakabanana mahali padogo penye mvua nyingi, na ardhi ya mteremko, ikilimwa ovyo, huondoka na maji ndani ya misimu michache. Jibu lao lilikuwa ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, ikawa miraba. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi hizo, yakawa matuta yanayozunguka shimo. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni na udongo hubaki shambani, nazo nyasi zikioza chini hugeuka mbolea. Maharage hutangulia, mahindi hufuata msimu unaokuja. Mlima mzima uliolimwa hivyo huonekana kwa mbali kama sega la nyuki, na zaidi ya karne moja baadaye bado unalisha watu.

Ngolo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ardhi ilishikwa kwa ntambo, yaani ubavu wa mlima kati ya vijito viwili, mali ya ukoo mmoja chini ya mzee wake. Kazi iliyozidi nguvu za kaya iliitiwa ngokela: mwenye shamba alipika pombe, majirani wakaja na majembe, na siku nyingine yeye naye akaenda kwao. Jioni wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee, kila nyumba ikileta chakula kilichopikwa na wanawake wake. Hiyo ndiyo sengu. Pale vijana walifundishwa, ugomvi ukasuluhishwa, na upungufu wa nyumba moja ukajulikana bila mwenye nyumba kujieleza, kwa kuwa kapu lake lilionekana jepesi. Huu ulikuwa utaratibu wa hifadhi ya jamii uliokamilika kwa kipimo chake, ingawa ulikuwa na mipaka: wanawake walipika bila kukaa barazani, na mgeni asiye na ukoo hakuwa na mahali pa kuweka kapu. Wanaousifu ukale wa Kiafrika mara nyingi husahau mambo hayo mawili.

Mwambaoni maisha yalikuwa na sura nyingine. Wanyasa na Wampoto waliishi kwa muhogo na samaki, na wavu wa usipa hauvutwi na mtu mmoja. Lakini ziwa lilikuwa pia barabara ya watumwa. Majahazi yalivusha mateka kutoka ng'ambo, na njia ya miguu iliwapeleka kupitia Ungoni hadi Kilwa. Katika nchi ambayo jirani angeweza kuuzwa, ujirani ulikuwa jambo la kulindwa kwa makusudi.

Biashara hiyo ndiyo iliyoleta aina mpya ya msaada: ule uliochangwa na watu wasiowahi kumwona anayesaidiwa. David Livingstone alilifikia ziwa Septemba 1859. Miaka miwili kabla, hotuba zake katika vyuo vikuu vya Uingereza zilikuwa zimezaa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi UMCA. Mwaka 1885 misheni hiyo iliweka makao yake Likoma, kisiwa kilicho upande wa pili wa maji, na kutoka hapo William Percival Johnson alitembelea vijiji vya mwambao mwaka baada ya mwaka, kwa meli na kwa miguu. Fedha zilitoka kwenye visanduku vya parokia za Uingereza, kwa waumini waliosoma habari za ziwa kwenye majarida ya misheni. Meli ya *Chauncy Maples*, iliyoundwa Glasgow ikafikishwa ziwani kwa zaidi ya vipande 3,000 na kuelea mwaka 1901, ilikuwa shule na zahanati yenye kuelea. Waliochanga majina yao yamo kwenye vitabu vya hesabu. Wangoni wa upande wa magharibi walioukokota mtungi wake wa mvuke wenye uzito wa tani kadhaa, siku nyingi porini, hawamo, ingawa bila mabega yao sadaka ile ingebaki chuma pwani. Huo ni mgawanyo wa heshima utakaojirudia mara nyingi katika historia hii: fedha huandikwa, jasho halina daftari.

Upande wa milimani walikuja Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia, kutoka Ujerumani. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, Kigonsera mwaka uliofuata. Vita vya Majimaji vilipofika, askofu wao, Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, alikuwa amekwisha kuuawa njiani kuelekea Liwale, Agosti 1905, na misheni ya Peramiho yenyewe ikachomwa. Kisasi cha dola kilikuwa kizito kuliko kosa lolote. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea mjini, na maghala na mashamba yakateketezwa, kwa sababu maofisa wa Kijerumani walikwisha kuona kuwa njaa inamaliza uasi kwa haraka kuliko risasi. Baada ya hapo misheni zilijengwa upya, zikapokea wagonjwa, mayatima na watoto wa shule. Mwanafunzi wa historia asilikwepe jambo hili: aliyechoma ghala na aliyegawa uji walitoka nchi moja. Haimaanishi kwamba uji ule ulikuwa wa uongo. Inamaanisha kwamba hisani ya zama zile ilifika ikiwa imeambatana na ushindi, na wapokeaji walilijua hilo.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika ziwani mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza *Guendolen* iliishambulia meli ya Kijerumani *Hermann von Wissmann* pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, manahodha wawili waliofahamiana wakajikuta maadui kwa amri iliyotoka mbali. Kilichofuata hakikuwa na mzaha wowote: wapagazi kwa maelfu, chakula kunyang'anywa, maradhi, njaa. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na kwa miaka kadhaa vigango vya milimani vikabaki bila padre, hadi Wabenedikto wa Uswisi walipoanza kufika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Walioendesha sala, masomo na mazishi katika kipindi hicho ni makatekista wenyeji. Kwa maoni yangu hawa ndio jeshi la kwanza la watu wa kujitolea katika maana ya kisasa kwenye nchi hii: walifuata utaratibu, waliwahudumia watu nje ya koo zao, na hapakuwa na aliyewasimamia. Kanisa lililorudi lilikuta nyumba imefagiliwa.

Utawala wa Kiingereza uliongeza chombo kipya, nacho ni ushirika. Kahawa ya arabika ilipandwa Umatengo katika miaka ya 1920, tumbaku ikastawi Ungoni, na sheria ya vyama vya ushirika ya mwaka 1932 ikafungua mlango. Mwaka 1936 kikaundwa chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, miaka mitatu baada ya kile cha Kilimanjaro. Ushirika ulisimama juu ya kanuni ambayo mzee wa sengu angeitambua mara moja, kwamba upungufu wa mmoja hubebwa na wengi, lakini baraza lilihama. Sasa lilikuwa na mwenyekiti, katibu, kitabu cha stakabadhi na mkaguzi wa serikali. Mwambao usiokuwa na kahawa ulibaki nyuma. Vijana wake walikwenda migodini kusini au kwenye mkonge wa Tanga, na huko ugenini, kama watu wa makabila mengine yote, walichangiana nauli na sanda. Kwa upande wa misheni, Johnson wa UMCA alifariki Liuli mwaka 1928, akazikwa hapohapo, na kaburi lake likawa mahali pa hija. Hospitali ya Mtakatifu Anne ya Liuli inaendelea kubeba kazi ya misheni ile. Milimani, seminari ya Kigonsera iliwalea vijana wa kusini, mmoja wao akiwa Benjamin Mkapa, aliyesoma hapo katika miaka ya 1950 na baadaye kuwa Rais wa tatu wa Tanzania.

Ni katika kipindi hichohicho ndipo klabu za huduma zilipokanyaga Afrika Mashariki. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Zilikuwa meza za chakula cha mchana za wanasheria, mameneja na wenye maduka, mijini, katika makoloni ambamo nani anaketi na nani lilikuwa suala la rangi kabla ya kuwa suala la moyo. Kwa mkulima wa Mbinga hazikuwapo kabisa.

Uhuru wa Desemba 1961 ulikuja na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya kujitolea: barabara za udongo, madarasa, visima, vyote kwa mikono. Hakuna mahali Tanganyika ambapo wito huo uliitikiwa kwa kina kuliko wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbinga. Hata kabla ya uhuru, mwaka 1960, kikundi cha vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga kilikwenda porini Litowa kuanzisha kijiji. Jaribio la kwanza lilishindwa, wakarudi tena. Walisaidiwa na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa ametokea shamba la misheni ya St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, ambaye alishauri bila kuamuru. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vikaungana kuwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofahamika kwa kifupi chake cha Kiingereza, RDA. Kufikia mwishoni mwa muongo vilikuwa zaidi ya kumi. Walilima pamoja, wakagawana mapato kwa siku za kazi, wakawa na kinu cha kusaga na mashine ya kupasua mbao, wakajenga shule ya Litowa iliyofundisha watoto kuishi kijijini badala ya kukikimbia. Maamuzi yote yalipita kwenye mkutano wa wanakijiji, na wanawake walihudhuria.

Hili lastahili kukaziwa. Kwa mara ya kwanza katika simulizi hii, walioitoa kazi, walioila na waliokaa barazani walikuwa watu walewale. Fedha za wahisani wa nje zilipokelewa, lakini zilikuta mpango wa kijiji umekwisha kuandikwa. Rais Nyerere aliwatazama kwa upendo, na waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa Septemba 1967, uliofuata Azimio la Arusha la Februari mwaka huo, unasomeka kama sheria iliyotungwa kwa kuutazama mfano huu. Miaka miwili baadaye, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji visivyosubiri maagizo, na chama kilichotaka ujamaa nchi nzima hakikuwa tayari kukubali kwamba ujamaa unaweza kuwa na mwenyekiti asiyeteuliwa nacho. Matetereka, mojawapo ya vijiji hivyo, iliendelea kwa miaka mingi kuishi kwa pamoja kwa hiari yake, na hiyo ni hukumu tosha juu ya uamuzi wa mwaka 1969.

Wakati hayo yakiendelea, nchi hii maskini ilikuwa ikitoa msaada nje ya mipaka yake, na kwa gharama kubwa. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vikaanza Septemba 1964. Jimbo la Niassa liko mlango wa pili: Mto Ruvuma huvukwa kwa mtumbwi, na mwambao wa ziwa unaendelea kusini bila kujali ramani. Wakimbizi walifika kwa maelfu. Walipokelewa kwanza na vijiji, kabla ya shirika lolote, kwa sababu wengi walisema lugha ileile na baadhi walikuwa na shangazi upande huu. Kisha serikali, Umoja wa Mataifa na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoundwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, TCRS, wakafungua makazi ya kudumu. Mawili yalikuwa katika nchi tunayoizungumzia: Muhukuru upande wa Songea, na Lundo karibu na ziwa, kaskazini ya Mbamba Bay. Wakimbizi walipewa ardhi walime, wakafika mahali pa kujilisha, na shule na zahanati zao zikatumiwa na wenyeji pia. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975 wengi walirudi kwao, wakiacha mashamba na majina ya vitongoji. Tunapotafuta mfano wa huduma ya kimataifa iliyotoka Ruvuma badala ya kuingia, ndio huu. Hakuna kijiji cha mwambao kilichotunukiwa nishani yoyote kwa ardhi iliyotolewa, na katika vitabu vingi sura ya ukombozi hutajwa Dar es Salaam, Kongwa na Nachingwea, ziwa likasahaulika.

Muongo wa 1970 uligeuza hiari kuwa amri. Kati ya 1973 na 1976 operesheni ya vijiji iliwahamisha watu nchini kote. Katika milima ya Mbinga, ambako ngolo ilidai mtu aishi karibu na ntambo yake, kukusanya nyumba mahali pamoja kulikuwa kinyume cha kilimo chenyewe. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, mamlaka za mazao zikachukua nafasi yao. Kazi ya kujitolea ikapangiwa siku na kuhesabiwa, asiyefika akatozwa faini. Tangu hapo neno kujitolea limebeba kivuli hicho, na kiongozi wa leo anayewaita watu kwenye msaragambo hana budi kujua kwamba wazee wanaomsikiliza wanakumbuka mgambo.

Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika. Mbinga ilikwisha kuwa wilaya, na chama chake kikuu, MBICU, kilikopesha mbolea na dawa kwa dhamana ya kahawa ijayo. Kwa miaka kadhaa kahawa ilijenga nyumba za matofali na kulipa ada. Soko lilipofunguliwa msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi waliingia na fedha taslimu, mkulima mwenye deni akauza kwao, na ushirika usioweza kukusanya mikopo yake ukaanguka. Kuanguka huko kuliacha milimani pengo ambalo historia yote ya miaka iliyofuata ni jitihada ya kulijaza.

Kanisa lilikuwa la kwanza. Jimbo Katoliki la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986 kutoka Songea, na mwaka 1989 likafunga urafiki na jimbo la Würzburg la Ujerumani. Hapa msaada ulibadili mwendo. Pamoja na michango ya shule na hospitali, ikiwemo ya Litembo iliyo juu milimani, kulikuwa na ziara za pande zote mbili, na watu wa Würzburg wakaunda chama kinachonunua kahawa ya Mbinga kwa bei ya haki, kuikaanga na kuiuza kwao kwa jina la kahawa ya wabia. Sadaka na biashara havikai chumba kimoja bila kusukumana, lakini mkulima anayelipwa ana sauti kuliko anayepewa. Wengine walitoka Morogoro na Japani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, kwa ufadhili wa shirika la Japani JICA, walianza kuichunguza ngolo mwaka 1994, na kati ya 1999 na 2004 wakageuza utafiti kuwa mradi wa maendeleo. Katika kijiji cha Kindimba wanakijiji walijenga kinu cha kusaga kinachoendeshwa na maji ya mto, wao wakitoa mawe, mchanga na nguvu kazi. Kamati iliyosimamia kazi hiyo walijiita Sengu. Baraza la ukoo lilikuwa limerudi likiwa kamati ya kijiji, na wanawake ndani yake.

Milenia mpya ilileta michango ya aina nyingine, ile ya serikali. Mpango wa elimu ya msingi wa mwaka 2002 na ule wa sekondari uliofuata ilitoa fedha za bati na saruji, kijiji kikatoa tofali, maji na mafundi. Kila kata ikapata sekondari, na ni haki kusema kwamba nusu ya majengo hayo yalisimama juu ya migongo ya wazazi. Michango ikageuka kero. Ada ilipofutwa na Januari 2018 Rais Magufuli alipokataza kulazimisha michango shuleni, baadhi ya vijiji vilishusha pumzi, vingine vikabaki na maboma yasiyoezekwa. Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga, takriban kilomita 78, ilijengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008, na miaka iliyofuata lami ikashuka hadi Mbamba Bay. Mwambao nao ulipata wilaya yake, Nyasa, mwaka 2012. Fedha za wananchi wenyewe zilipata bahati mbaya zaidi: Benki ya Jamii ya Mbinga ilifungwa na Benki Kuu mwezi Mei 2017 kwa kukosa mtaji wa kutosha.

Ndipo, Februari 2022, Malawi ilipotangaza mgonjwa wa polio Lilongwe, mtoto aliyepooza kwa kirusi chenye asili ya Pakistani. Tanzania haikuwa imeona kirusi cha mwituni tangu 1996, na Afrika nzima ilithibitishwa kuwa huru dhidi yake Agosti 2020. Mwezi Machi chanjo ya nyumba kwa nyumba ilianza katika mikoa minne inayotazamana na Malawi: Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma. Matone mawili mdomoni, alama ya wino kidoleni, chaki mlangoni. Nyuma ya matone hayo kulikuwa na klabu ile ya mwaka 1905: Rotary ilitangaza vita dhidi ya polio mwaka 1985, na pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF ikawa mwanzilishi wa mpango wa dunia wa mwaka 1988, wanachama wake wakichangia zaidi ya dola bilioni 2 kwa miaka yote hiyo. Mbele ya matone hayo kulikuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wengi wao wanawake, waliojua nyumba ipi ina mtoto mchanga na mvuvi yupi amehamia kambi ipi ufukweni. Kwa kuwa kirusi huvuka ziwa pamoja na samaki na jamaa, kazi ya mama huyo wa mwambao ilimlinda mtoto wa Malawi kama ilivyomlinda wa kwake. Daftari lililotunza hesabu za dola ni nene. La hatua zake ni jembamba, kama lile la mtungi wa *Chauncy Maples*.

Wanawake haohao, kwa sehemu kubwa, ndio wanaoendesha chombo kikuu cha kusaidiana cha zama hizi: VICOBA. Asili ya mfumo ni Niger, ambako shirika la CARE lilianza na vikundi vya wanawake mwaka 1991, na Tanzania ukashika mizizi kuanzia miaka ya 2000. Sanduku la chuma lina makufuli matatu, na funguo hukaa kwa watu watatu. Kila mkutano wanachama hununua hisa, hukopa, hulipa, na kando ya hisa huchangia mfuko wa jamii, ambao haukopeshwi kwa biashara: ni wa msiba, ugonjwa na ajali ya moto. Mwenye shida huwasilisha shida yake mbele ya wote na jibu hutoka papo hapo. Milimani mfuko hunona baada ya kahawa kuuzwa, sasa kupitia vyama vya msingi vya AMCOS na minada, chini ya chama kikuu kipya, MBIFACU. Mwambaoni hufuata mwezi na usipa, hivyo ni mwembamba zaidi, na vikundi vya huko ni rahisi kuvunjika kwa sababu mvuvi huhama na kipato chake.

Serikali imekwisha kuviona. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, na katibu hupeleka halmashauri katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama wenye sahihi zao. Wapo wanaoona kinga humo, wakikumbuka akiba zilizopotea mikononi mwa viongozi wasioshikika. Wapo wanaokumbuka Litowa, kijiji kilichofahamika vizuri sana kwa wakubwa, na wanachelewesha fomu.